Kesi ya Mama Nyani

Amboseli haina mto mkubwa. Maji yake huanzia Kilimanjaro, hupenya kwenye miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini na kuibuka upande wa Kenya, ambako hutandaa yakawa vinamasi. Ndiyo maana hata kiangazi kikali, kama kile cha mwaka 2009 kilichofyeka nyumbu na punda milia, hakikuvimaliza vinamasi hivyo. Wanyama wa bonde zima wanalijua hilo na wote huishia hapo: tembo, nyati, swala, ngiri, nyani, na nyuma yao wale wanaowala. Penye maji machache na midomo mingi hapakosi baraza. Baraza la hapo liliongozwa na Mzee Kiboko. Hakuchaguliwa kwa hekima. Yeye ndiye aliyelala ndani ya maji, na hakuna aliyeweza kunywa bila kupita mbele ya meno yake.

Katika kiangazi kimoja cha namna hiyo, Swala Tomi alizaa. Desturi ya swala ni kumficha mtoto kwenye nyasi siku za mwanzo. Mtoto hulala kimya, hatikisi hata sikio, na mama hulisha kwa mbali ili asimwonyeshe adui mahali alipo. Asubuhi ya siku ya nne akapita Nyani dume akichimbua mizizi. Nyani huishi kwa mizizi, mbegu, matunda na utomvu wa mgunga, lakini akikutana na mtoto wa swala hamwachi. Kanga waliona. Ngiri aliona. Swala alikuja mbio akipiga kwato na kutikisa pembe zake nyembamba, lakini alipofika kazi ilikuwa imekwisha, na Nyani alikuwa akilamba vidole juu ya kichuguu.

Dume yule alikuwa mzaliwa wa pale pale, mtoto wa Mama Nyani. Kwa nyani, binti hubaki katika kundi la mama yake mpaka kufa. Dume akishakomaa huondoka kwenda kutafuta kundi jingine, na huko ndiko anakooa na kuzeekea. Huyu aliondoka miaka mingi nyuma. Wadogo zake wawili waliozaliwa baadaye hawakuwa wakimjua kwa sura. Siku ile alikuwa mpita njia tu, na alipoona wanyama wamekusanyika kwa hasira alitimua mbio. Nyati vijana walimfukuza mpaka jua likatua, wakampoteza kwenye mawe meusi ya njia ya vilima vya Chyulu.

Kesho yake likaitwa baraza chini ya migunga. Swala alisimama katikati, maziwa yakimdondoka kwa kukosa wa kuyanyonya. Mzee Kiboko akauliza lipi lifanyike, na kwa kitambo hakuna aliyejibu, kwa sababu walidhani mtu wao ameshavuka Chyulu.

Chui ndiye aliyevunja ukimya.

"Mkosaji hatunaye," alisema. "Lakini mama yake tunaye. Dada zake tunao, na wapwa zake tunao. Damu ni moja. Ukoo ukibanwa, ukoo utamtoa. Na hata usipomtoa, wengine wataona na kujifunza."

Vichwa vyote viligeukia pembeni. Mama Nyani alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, peke yake, mkono mmoja umeshika shina la mgunga. Alikuja mwenyewe bila kuitwa. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Alipofungua mdomo, Mzee Kiboko alimwambia anyamaze kwanza, zamu ya washtakiwa haijafika. Hivyo ndivyo alivyofahamu kwamba ameshakuwa mshtakiwa.

Nyati akaomba kusema. Yeye hakuwa na chuki na mtu, na hoja yake ina uzito. Sitaki kuipita haraka.

"Majirani zetu Wamaasai," alisema, "mtu akiua, ukoo wake ndio hulipa. Desturi yao ni ng'ombe 49. Muuaji halipi peke yake, kila jamaa hutoa chake. Wamekaa hivyo vizazi na vizazi. Sasa sisi tukiutaka ukoo wa Nyani uwajibike, tumevumbua jambo gani jipya?"

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Bweha, karani wa baraza, akaongeza yake. Alikuwa amezunguka sana kwenye kambi za binadamu akiokota mabaki, na habari zao alizijua.

"Tena si desturi tu, ni sheria," alisema. "Serikali ya wakoloni iliiandika mwaka 1909: Sheria ya Adhabu ya Pamoja. Kijiji kikidhaniwa kimemficha mhalifu, kijiji chote kinatozwa. Serikali nzima ilitumia sheria hiyo. Sisi ni nani tuione mbaya?"

Bibi Ndovu alikuwa kimya muda wote huo, akijirushia vumbi mgongoni. Umri wake ulikuwa umeshapita wa wote waliokuwapo. Alisogea mpaka karibu na Nyati.

"Mwanangu, umesema ng'ombe 49, nawe umesema kweli. Sasa niambie, ng'ombe wale huenda wapi? Huenda kwa waliofiwa. Hulisha watoto wa marehemu, na uadui hukomea hapo. Jamaa wanaochangia hawapigwi. Hawanyimwi maji. Hakuna anayesema mama wa muuaji ndiye aliyeua. Lile ni deni, na ndugu wanasaidiana kulilipa. Ninalolisikia hapa leo ni fimbo. Swala, mwanangu, kati ya haya yaliyosemwa, wewe unapata nini?"

Swala hakujibu. Alikuwa akimtazama Mama Nyani, na macho yake hayakuwa na huruma.

"Na wewe Bweha," Bibi Ndovu akaendelea, "umeisoma sheria ukaiacha habari yake. Nilikuwa ndama wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na yaliyotendeka yalifika mpaka huku. Novemba 1952, karibu na mji unaoitwa leo Nyahururu, aliuawa mlowezi. Walioua hawakupatikana siku ile. Serikali ikateremka kwa Wakikuyu wa eneo lile, ikatwaa ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa maelfu, ikafukuza familia kwenye makao yao. Unadhani yule bwana aliyeamka asubuhi akakuta zizi tupu, naye hajaua mtu, alikimbilia wapi? Wapo walioingia msituni siku zilizofuata, na Hali ya Hatari ikaendelea mpaka 1960. Zaidi ya miaka saba. Kama kubana ukoo kungekuwa dawa, isingechukua miaka saba."

"Basi tufanyeje, Bibi?" Nyati aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua. "Tukae tu?"

"Mtafuteni aliyeua. Na kama hapa yupo aliyemlisha au kumficha akijua alichofanya, mleteni naye, ashtakiwe kwa hilo alilolifanya yeye. Lakini kumzaa mtu si kumficha."

Maneno haya yalikuwa na njia ndefu ndani yake: kufuatilia, kuuliza, kungoja. Hasira haikuwa na nafasi ya kungoja. Mzee Kiboko aliangalia umati, akaona unataka kitu siku ile ile, akatoa hukumu. Ukoo wote wa Mama Nyani, mkubwa kwa mdogo, usikanyage ukingo wa kinamasi mchana mpaka mkosaji aletwe. Anayetaka kunywa anywe usiku.

Nyani hashuki mtini usiku. Usiku ni wa Chui. Kila aliyekuwa barazani alilijua hilo, na Chui alilijua kuliko wote.

Siku za kwanza Swala aliridhika, na mimi simlaumu. Aliyefiwa huhitaji kuona kwamba dunia imetikisika kidogo kwa ajili yake. Aliwaona nyani wamejipanga juu ya tuta, ndimi zimekauka, wakitazama maji wasiyoruhusiwa kuyagusa, na usiku akalala.

Nyani walianza kutembea mbali. Walichimba kwenye mikondo ya mchanga iliyokauka, wakapata tope, wakalinyonya. Wawili waliozidiwa na kiu walishuka jioni, giza likiingia, wakidhani watawahi. Chui aliwangoja. Baada ya hapo hakuna aliyeshuka tena.

Binti mdogo wa Mama Nyani alikuwa ananyonyesha. Mtoto wake alikuwa bado ana manyoya meusi ya uchanga, hajaanza kugeuka rangi ya mama, na uso wake ulikuwa mwekundu na masikio makubwa. Huyu binti ni mmoja wa wale wawili wasiomjua kaka yao kwa sura. Maziwa yalipungua, kisha yakakatika. Siku mbili mtoto alilia, siku ya tatu hakulia.

Nyani akifiwa na kichanga huwa hamtupi. Atambeba siku kadhaa, popote kundi liendapo. Binti yule alitembea na wake akimshika kwa mkono mmoja, akichechemea kwa miguu mitatu. Alipotaka kuchimba mzizi alimlaza chini, taratibu, kichwa kikielekezwa kivulini. Alichimba kidogo, akageuka kumtazama, akachimba tena. Nzi walipokuja aliwafukuza kwa kiganja. Alimnusa kwenye paji la uso, akamwokota, akaendelea na safari. Mkia wa mtoto ulikuwa umekauka na kusimama wima kama kijiti.

Swala alikuwa akilisha hatua chache kutoka pale. Aliinua kichwa akaona yote hayo, na hakuweza kurudisha mdomo kwenye nyasi.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakiharibika bondeni, kimya kimya, kwenye familia ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na nyani. Zamani, mtoto wa Ngiri alipowahi kukanyaga mayai ya Kanga, mama yake alimleta asubuhi hiyo hiyo mbele ya Kanga, akamwamrisha akiri, na familia nzima ya Ngiri ikamsaidia Kanga kupata mahali pengine pa kutagia. Walibishana, walisemeshana vibaya, lakini jua lilipotua yalikuwa yamekwisha. Baada ya hukumu ya Mzee Kiboko, kijana yule yule wa Ngiri alikanyaga kiota kingine, jioni, kwa kukurupuka. Safari hii mama hakumpeleka popote. Alijua kwamba akimtaja mmoja, atakuwa amewataja wote, pamoja na wale wadogo walioko shimoni. Usiku ule hawakulala. Walifukua kwa pua zao, wakafukia maganda, wakasawazisha vumbi, na kulipokucha wakaapa wote kwamba walikuwa shimoni tangu magharibi. Kanga alizunguka siku nzima akiuliza. Kila nyumba aliyopita ilimjibu kwamba haijaona kitu.

Jambo hili nimelitafakari sana kuliko yote ya hekaya hii. Ndugu ndiye wa kwanza kujua. Ndiye anayeona kijana amerudi na damu kwenye ukucha, ndiye anayesikia mlango ukifunguliwa saa nane za usiku. Ukimwahidi adhabu ile ile ya mkosaji, umemfunga mdomo, na umewafunga na wa jirani zake waliosikia yaliyompata. Wanaosema adhabu ya ukoo huwafanya jamaa wachungane husahau kwamba kuchungana na kufichana hufanywa na watu wale wale.

Siku moja Tai alitua chini ya migunga akitokea Chyulu. Alileta habari bila kuulizwa. Nyani dume amemwona. Ana afya, manyoya yanang'aa, amepokewa kwenye kundi la huko, na kuna maji. Tena juzi amekula mtoto mwingine wa swala.

Swala aliposikia alikwenda moja kwa moja kwa Bweha, akataka baraza liitwe na watu watumwe Chyulu.

"Kwa kesi ipi?" Bweha aliuliza.

"Kesi ya mwanangu."

"Ile ilikwisha, mama. Hukumu ilitolewa na adhabu inaendelea kutumikiwa. Faili limefungwa."

Swala hakubishana naye. Alirudi uwanjani, akasimama pale aliposimama siku ya kwanza, akapiga kelele mpaka wanyama wakakusanyika wenyewe. Mzee Kiboko aliinua pua majini.

"Nilikuja hapa nikisema nimeuliwa mtoto," Swala alisema. "Nilitaka aliyeua akamatwe. Mmenipa nini? Mmenipa nyani wenye kiu wa kuwatazama. Nami niliwatazama. Nakiri nilitazama na nikafurahi. Lakini yule binti anayetembea na maiti mkononi hakumgusa mwanangu. Mtoto wake hakumgusa mwanangu. Mtoto wangu alikuwa mmoja. Sasa wako wawili hapa, na wa tatu yuko Chyulu, na aliyeanza yote hayo anakunywa maji kila siku. Mlipompata wa kumpiga, mliacha kumtafuta wa kumshtaki. Adhabu hii inatolewa kwa jina langu. Mimi siitaki. Iondoeni."

Chui alisema kwamba aliyefiwa hana mamlaka ya kufuta hukumu ya baraza. Hakuna aliyemwitikia. Bibi Ndovu alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye tuta, na tembo wa familia yake wakamfuata, mabinti na wajukuu. Walipanda, wakawazunguka nyani, wakashuka nao wakiwa katikati mpaka kwenye maji, jua la saa sita likiwaka. Mzee Kiboko alifungua kinywa chake kikubwa. Akatazama miguu ya tembo iliyosimama mbele yake, akakifunga. Nyani wakanywa. Walikunywa kwa muda mrefu sana.

Mama Nyani ndiye aliyekunywa wa mwisho. Alipomaliza alijifuta kidevu, na Bibi Ndovu akamuuliza swali ambalo baraza zima lilikuwa halijamuuliza.

"Siku ile ya kwanza ulikuja mwenyewe, mwanangu. Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kusema," Mama Nyani alijibu. "Alipita kwangu alfajiri. Alikuwa amejikata mguu kwenye mawe, anachechemea. Nilimwambia asinikaribie. Alikwenda kulala kwenye mgunga ulioanguka, ule wa upande wa mashariki, na alisema ataondoka jioni jua likipoa. Nilikuja kuwaambia mumchukue akiwa pale. Msingemkosa. Kisha nikamsikia Chui, na nikaona mlivyonitazama. Nikajiuliza, kama mimi niliyekuja kwa miguu yangu nimeshahukumiwa, nikimtaja watawafanya nini wajukuu zangu? Nikanyamaza. Alikuwa pale siku nzima, Bibi. Mlikuwa mkinihukumu naye amelala, mwendo wa kutoka hapa hadi kile kichuguu."

Nyati waliufuata mgunga ule. Walikuta kinyesi kikavu na damu iliyoganda kwenye gome. Chyulu walikwenda pia, wakarudi mikono mitupu, kwa maana dume alikuwa amehama tena na nyayo zake zilikuwa zimefutwa na upepo. Kesi ya mtoto wa Swala haijaamuliwa mpaka leo.

Sisi binadamu tumekwisha kuandika yale ambayo wanyama wa Amboseli hawakuwa nayo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, katika kifungu cha 33, unakataza raia aliye chini ya ulinzi wake kuadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na huo ni mkataba wa wakati wa vita. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataka kila anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zinaisha nje ya muda wa korti. Undugu haumo katika orodha ya makosa ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki. Hata hivyo mama bado huchukuliwa nyumbani kwake usiku kwa sababu mwanawe hakuonekana, mke hukalishwa kituoni mpaka mumewe ajitokeze, na nyumba ya mshukiwa huchomwa na majirani ilhali watoto wamo ndani ya ua. Nasi tulio mtaani husema, "Atatoka tu, si mamake ameshikwa?" Tuache kusema hivyo. Ukisikia jirani yako amechukuliwa kwa ajili ya ndugu yake, nenda kituoni usiku huo huo, hata kama wewe ndiwe uliyeibiwa, tena hasa kama ni wewe. Uliza kwa sauti ya kusikika yeye mwenyewe anashtakiwa kwa kosa gani. Ukijibiwa kwamba ni mama yake, au ni mke wake, au ni kaka yake, usiondoke mpaka aachiwe.